Ondoa Mikono Kwanza: Mhadhara juu ya Faili Lililofutwa kwa Bahati Mbaya

  

Mwaka 1998, katika studio za Pixar huko California, watu walikuwa wakitengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2. Siku moja mtu mmoja aliandika amri fupi ya kufuta kwenye kompyuta kuu iliyobeba kazi yote. Kwenye mifumo ya Unix amri ile haikuulizi kama una uhakika, wala haipitii pipa la taka. Inafuta folda na vilivyomo, inashuka folda ya chini yake, inaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Oren Jacob na wenzake walikuwa wameifungua folda ya Woody, yule mwanasesere mchunga ng'ombe, wakaona mafaili yake yakitoweka moja baada ya jingine. Kofia ilikwenda, viatu vikafuata. Wakapiga simu chumba cha mitambo, wakaomba mashine ichomolewe umeme papo hapo. Ilipowashwa tena, sehemu kubwa ya filamu haikuwepo, na kanda za akiba walizozitegemea zikaonekana hazina nakala kamili. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa kazi ya ufundi. Alikuwa amejifungua karibuni, kwa hiyo alipewa ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani, na kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala ya wiki chache nyuma. Waliifuata kwa gari, wakaifunga mablanketi, wakarudi nayo kwa mwendo wa pole.

Watu wanapenda kukisimulia kisa hiki kwa ajili ya yale mablanketi. Mimi kinachonivutia ni ile simu. Watu wale hawakujua kosa limetokea wapi wala nani amelifanya, lakini walijua kwamba mashine inayoendelea kufanya kazi inaendelea kuharibu, basi kitu cha kwanza walichotaka ni isimame. Kwenye ofisi zetu hali huwa kinyume. Faili likipotea, mikono inaongezeka. Mmoja anabonyeza hapa, wa pili anasema tuzime tuwashe, wa tatu anaingia intaneti kupakua programu ya kurejesha, na ikifika saa kumi jioni faili ambalo asubuhi lilikuwa salama kabisa limeshaharibiwa na watu waliokuwa wakilitafuta kwa nia njema.

Nasema lilikuwa salama, na nalisema kwa maana yake halisi. Hebu tuone kompyuta inafanya nini tunapoiambia ifute.

Wengi hapa mmepita kwenye ofisi zenye masijala. Kuna makabati yaliyojaa majalada, na mezani kwa karani kuna rejista inayoonyesha jalada fulani liko kabati gani, rafu ya ngapi. Diski ya kompyuta imepangwa hivyo. Ukifuta faili, kompyuta haiendi kabatini. Inafungua rejista, inaweka alama kwenye jina, inaandika kwamba nafasi ile iko wazi kwa mgeni atakayekuja. Karatasi zimebaki pale pale zilipokuwa, neno kwa neno. Ushahidi mnao wenyewe: kunakili filamu ya gigabaiti 4 kwenda kwenye flashi kunachukua dakika kadhaa, lakini kuifuta ni kufumba na kufumbua. Kama kompyuta ingekuwa inakwangua kila herufi, kufuta kungechukua muda ule ule wa kuandika. Waliobuni mifumo hii walitaka kasi, na kasi hiyo imewaokoa watu wengi bila wao kujua.

Tusogee karibu zaidi, kwenye flashi ya kawaida. Nyingi zimepangwa kwa mfumo unaoitwa FAT, ambao asili yake ni miaka ya 1970. Katika mfumo huo kila faili lina mstari wake wa baiti 32. Humo mna jina la herufi 8, herufi 3 za aina ya faili, tarehe, ukubwa, na namba ya kipande cha kwanza cha diski ambako faili linaanzia. Pembeni kuna jedwali jingine linalosema baada ya kipande hiki nenda kile, baada ya kile nenda kingine. Chukua faili la matokeo ya mtihani, MATOKEO.XLS. Ukilifuta, FAT ya asili inabadilisha baiti moja tu katika ule mstari: herufi ya kwanza ya jina, M, inatolewa na mahali pake inawekwa thamani 229, ambayo ndiyo alama ya kusema mstari huu hautumiki. Herufi nyingine zimebaki, ATOKEO. Tarehe imebaki, ukubwa umebaki, namba ya kipande cha kwanza imebaki. Kinachosafishwa ni zile namba za kwenye jedwali la pili.

Ndiyo maana mwaka 1982 Mmarekani Peter Norton alipotoa programu zake za kompyuta ya IBM, ikiwemo ile ya kufufua mafaili, na mwaka 1991 Microsoft walipoweka amri ya kurejesha ndani ya MS-DOS 5.0, mtumiaji aliulizwa swali ambalo leo linashangaza: herufi ya kwanza ya jina la faili lako ilikuwa ipi? Ilibidi uijaze mwenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo herufi pekee iliyopotea. Ukiandika M, faili linarudi. Kazi ya mwaka mzima ya mhasibu ilikuwa inategemea herufi moja.

Hapo pia pana udhaifu wake. Kwa kuwa jedwali la pili limesafishwa, programu inajua faili linaanzia wapi na lina ukubwa gani, lakini haijui vipande vilivyofuata viko wapi. Inachoweza kufanya ni kudhani kwamba vilifuatana. Barua ya kurasa mbili inarudi vizuri kwa sababu ni fupi na mara nyingi ilikaa mahali pamoja. Video ndefu iliyoandikwa kwenye flashi iliyokaribia kujaa huwa imetawanyika, kipande huku, kipande kule, na ikirejeshwa inacheza sekunde chache kisha inaganda. Wapiga picha za harusi wanaijua hali hii.

Diski za ndani za kompyuta zenye Windows hutumia mfumo mwingine, NTFS, uliokuja mwaka 1993, nao kwa jambo hili ni mwema zaidi. Kila faili lina kadi yake ya kumbukumbu, kwa kawaida ya baiti 1,024, na ramani nzima ya vipande imo ndani ya kadi hiyo. Faili likifutwa, kadi inawekewa alama kwamba haitumiki, lakini jina na ramani vinabaki hadi faili jipya lipewe kadi ile. Tatizo lake ni kwamba faili dogo sana, la mistari michache, huhifadhiwa ndani ya kadi yenyewe. Mgeni akipewa kadi, faili hilo limekwenda moja kwa moja. Mfumo wa ext4 wa Linux ni mgumu kuliko hiyo yote, maana faili likifutwa unasafisha na ile ramani. Lakini Linux ina mlango mmoja ambao mafundi wetu vijana wanapaswa kuujua: faili likifutwa huku programu fulani bado imelifungua, data haiachiwi mpaka programu ile ifungwe. Katika folda ya /proc, chini ya namba ya programu hiyo, mnaweza kulikuta lote na kulinakili. Kwa hiyo kwenye seva, kuizima mashine haraka haraka kunaweza kuwa ndiko kunakolimaliza faili. Angalieni kwanza kama kuna programu iliyolishika.

Sasa tuje kwenye dakika za kwanza, ambazo ndizo zenye uzito kuliko zote.

Kabla hamjasema faili limefutwa, hakikisheni limefutwa kweli. Katika nchi zetu kuna ugonjwa wa flashi ambao umepoteza kazi nyingi bila sababu. Mtu anapeleka flashi steshenari kuprinti, anarudi, anaifungua, anakuta kila folda imegeuka shotikati ya kilobaiti 1 au 2. Anaibonyeza, haifunguki, au inafunguka baada ya kumwekea kirusi kwenye kompyuta yake. Jirani anamwambia flashi imekufa, iformatiwe. Jamani, msiformati. Mara nyingi kirusi hicho hakifuti chochote. Kinayaficha mafaili yako kwa kuyapa alama ya siri na ya mfumo, kisha kinaweka shotikati zenye majina yale yale. Njia ya kujua ni rahisi: bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, angalia nafasi iliyotumika. Kama inaonyesha gigabaiti 3 zimetumika wakati unachokiona hakifiki hata megabaiti moja, mali yako imo ndani. Isafishe kwa programu ya kuua virusi kwenye kompyuta nzima, kisha fungua dirisha la amri, na kama flashi ni herufi G, andika attrib -h -r -s /s /d G:\*.* halafu ubonyeze Enter. Mafaili yatajitokeza. Nimewahi kumwona mwalimu wa taaluma akitokwa na machozi mbele ya dirisha hilo jeusi, kwa sababu shuleni walishamwambia aanze kuingiza upya alama za kidato kizima.

Kama si kirusi, angalieni mahali pepesi. Ukiwa umefuta sasa hivi, shika Ctrl na Z, mara nyingi linarudi. Fungua pipa la taka. Lakini jueni mipaka yake: ukifuta huku umeshika Shift, faili halipiti pipani. Ukifuta kutoka kwenye flashi au kwenye folda ya mtandao wa ofisi, kwa kawaida halipiti pipani. Watu wengi wanalitegemea pipa kwa vitu ambavyo havikuwahi kuingia humo. Kwa waliohifadhi kazi mtandaoni, Google Drive hushika taka zake siku 30, na picha zilizopakiwa Google Photos hukaa kwenye taka siku 60. Ukifungua Word na umeme ukakatika kabla hujahifadhi, usikate tamaa. Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 usipoibadilisha, na ukiifungua tena huwa inakuletea yenyewe pembeni.

Kisha jiulizeni faili hili lilipita wapi. Hapa makatibu muhtasi wana akili kuliko mafundi. Bajeti iliyopotea jana ilitumwa kwa barua pepe kwa mkurugenzi Jumatatu, rasimu yake iko kwenye kundi la WhatsApp la kamati, na nakala ya PDF iko kwenye kompyuta ya ofisi ya jirani, ambayo printa yake ilikuwa na wino. Kumpigia simu mtu mmoja kunaweza kumaliza kazi ambayo programu ya kufufua ingeifanya nusu nusu kwa siku nzima.

Ikishindikana yote hayo, ondoeni mikono. Kama faili lilikuwa kwenye flashi, itoe flashi na uiweke mfukoni. Kama ni kadi ya kamera, acha kupiga picha hata kama bibi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Weka kadi nyingine. Kadi za SD zina kitelezo kidogo ubavuni. Kishushe upande wa kufunga, kompyuta haitaandika kitu juu yake. Kama faili lilikuwa kwenye diski ya ndani ya kompyuta, ile ambayo Windows yenyewe inaishi, basi zima kompyuta. Kompyuta iliyowashwa haikai kimya hata usipoigusa. Inapakua masasisho, inaandika kumbukumbu zake, na kivinjari kinahifadhi picha za kurasa ulizofungua. Vyote hivyo vinatafuta nafasi iliyoandikwa kuwa wazi, na mojawapo ni ile liliko faili lako. Likishaandikwa juu yake jambo jingine, hakuna fundi wa Kariakoo wala wa River Road atakayelirudisha.

Kuna makosa mawili ambayo nayaona hata kwa watu wenye vyeti. La kwanza ni kupakua programu ya kufufua na kuiweka kwenye diski ile ile lilikopotea faili. La pili ni kuacha programu ihifadhi mafaili iliyoyapata kwenye flashi ile ile inayoyatoa, hivyo faili la kwanza kurejeshwa linaangukia juu ya la tano ambalo bado halijasomwa. Programu iwekwe kwenye kompyuta nyingine, diski yenye tatizo ichomekwe kama mgeni, na vinavyopatikana viende diski ya tatu. Fundi mwangalifu huenda mbali zaidi: kabla hajatafuta chochote, ananakili diski nzima, baiti kwa baiti, kisha anafanyia kazi ile nakala. Akikosea, anayo ya mwanzo. Mkitafuta fundi, mwulizeni hilo kwanza.

Programu zenyewe zipo, na nzuri nyingi ni za bure. Recuva imekuwepo tangu 2007. Microsoft walitoa ya kwao mwaka 2020, ingawa inataka mtu asiyeogopa kuandika amri. Ninayoiheshimu kuliko zote ni PhotoRec ya Mfaransa Christophe Grenier, kwa sababu inafanya kazi hata rejista ikiwa imeharibika kabisa au flashi imeformatiwa. Haitafuti majina. Inasoma diski yenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Picha ya JPEG huanza na baiti tatu, 255, 216, 255. PDF huanza na alama ya asilimia ikifuatwa na herufi PDF. Nyaraka za Word tangu toleo la 2007 ndani yake ni mafaili ya zip, nazo huanza na herufi PK, kifupi cha jina la Phil Katz aliyebuni zip mwaka 1989. Kila ripoti mnayoiandika maofisini imeanza na herufi mbili za jina la mtu huyo.

Matunda ya kazi hiyo yanahitaji subira. PhotoRec inarudisha mafaili bila majina yake, kila moja likiitwa f na namba ndefu, yakiwa yamepangwa kwenye folda za namba. Kutoka kwenye diski ya ofisi utapata maelfu, na humo mtakuta nembo za tovuti, vipande vya matangazo, rasimu za miaka mitatu iliyopita. Yapangeni kwa ukubwa, kisha kwa aina, kisha mfungue moja moja. Bajeti imo, lakini hakuna mashine itakayokuonyesha ni ipi.

Hadi hapa nimewapa matumaini. Sasa nalazimika kuyapunguza, kwa sababu mashine zinabadilika na watu wengi bado wanaishi kwa mazoea ya zamani.

Kompyuta mpya karibu zote zinakuja na diski za SSD, zisizo na sahani inayozunguka. Chembe za SSD haziwezi kuandikwa juu ya kilichopo. Lazima zisafishwe kwanza, na husafishwa kwa mafungu. Ili isichelewe wakati wa kuandika, diski inataka kujua mapema nafasi zipi hazihitajiki tena. Kwa hiyo tangu Windows 7, mwaka 2009, kompyuta ikifuta faili inaipelekea SSD amri iitwayo TRIM, maana yake vipande hivi havina mwenyewe. Diski inavisafisha kwa wakati wake, hata kama wewe hufanyi chochote, na mara nyingi ukivisoma baada ya hapo unapewa sufuri tupu. Kwenye diski za sahani, kukaa bila kuandika chochote kuliokoa faili. Kwenye SSD, diski ikiwa na umeme tu inaweza kuwa inamalizia kazi. Zima mara moja, na bado usitarajie mengi. Kwenye Windows 10 na 11, Task Manager katika ukurasa wa Performance hukuonyesha kama diski yako ni SSD au HDD, yaani ya sahani. Itazameni leo, kabla ya shida.

Simu ni ngumu zaidi. Kwenye iPhone kila faili limefungwa kwa ufunguo wake wa siri, na likifutwa, ufunguo unaharibiwa. Kinachobaki ni vurugu isiyosomeka. Simu za Android za miaka ya karibuni nazo zimefungwa kwa siri. Programu zinazotangazwa kwamba zitakurudishia kila picha ya kwenye simu kwa kuibonyeza mara moja, nyingi zinakurudishia vijipicha vidogo vilivyobaki kwenye galari, au zinakula data na taarifa zako. Na zile programu za kulipia zilizovunjwa ufunguo, zinazozunguka mikononi kwa flashi, msiziweke kwenye kompyuta yenye kazi ya watu. Mtu aliyepoteza faili yuko katika hali ya kubonyeza chochote atakachoambiwa, na wahalifu wanalijua hilo.

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Kama faili lililofutwa linarudi kwa mwenyewe, linarudi pia kwa asiye mwenyewe. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokikuta kwenye diski 158 zilizotumika walizozinunua sokoni. Diski 129 zilifanya kazi, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Humo walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, barua za watu, na taarifa za hospitali. Sisi ni wanunuzi wakubwa wa kompyuta zilizotumika kutoka Ulaya na Ghuba, na siku hizi tunauza pia za kwetu. Zahanati inapouza kompyuta ya zamani baada ya kufuta folda ya wagonjwa na kumwaga pipa la taka, imewauza wagonjwa. Sheria ipo: Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022 ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuformati haraka hakutoshi, kwa sababu huko nako ni kubadilisha rejista tu. Kwenye diski ya sahani, ondoeni tiki ya kuformati haraka. Tangu Windows Vista, formati kamili inaandika sufuri diski nzima. Inachukua masaa. Iacheni imalize. SSD ina amri yake ya kusafisha, mara nyingi imo kwenye programu ya kampuni iliyoitengeneza.

Nimalizie na nakala ya akiba, bakapu, na hapa nataka kusema na wakuu wa ofisi kuliko makatibu.

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, alikuwa akihangaika na hitilafu ya kanzidata. Akaifuta folda ya data, akidhani yuko kwenye seva ya pili. Alikuwa kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, akasimamisha, lakini kati ya gigabaiti karibu 300 zilibaki 4.5. Wakaenda kwenye bakapu. Walikuwa na njia tano, na hakuna hata moja kati yake iliyokuwa inafanya kazi ilivyotakiwa. Ile ya kila siku ilikuwa haitoi kitu kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kuwaonya kwamba imeshindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliponea kwenye nakala ambayo mhandisi yule yule aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walipoteza kazi ya saa sita za wateja wao.

Kilichofuata ndicho ninachotaka viongozi wetu wakisikie. Kampuni ile ilirusha kazi ya kurejesha data moja kwa moja mtandaoni, watu wakitazama, kisha ikaandika ripoti ya wazi ikieleza kila hatua iliyoshindwa. Ripoti haikumtafuta mwenye kidole. Iliuliza kwa nini seva mbili zinafanana machoni pa mtu aliyechoka, na kwa nini hakuna aliyepewa jukumu la kuhakikisha bakapu inafunguka.

Kwetu, anayebeba mzigo ni aliyebonyeza. Namjua karani aliyeandikiwa barua ya onyo kwa faili la mishahara lililokuwa kwenye kompyuta moja, lisilo na nakala popote, katika ofisi iliyokuwa imemnyima diski ya nje mara kadhaa kwa sababu ya kukosa fungu. Barua ile ilimfundisha kitu kibaya: kwamba ukifuta faili kwa bahati mbaya, nyamaza. Na anayenyamaza anaendelea kutumia kompyuta hadi jioni, akiandika juu ya kile ambacho kingepatikana asubuhi. Ofisi inayotaka mafaili yake yarudi inahitaji watumishi wanaoweza kusimama na kusema nimefuta, bila kutetemeka, ndani ya dakika moja.

Wekeni nakala tatu: ya kazini, ya pili kwenye diski ya nje inayochomolewa ikishamaliza, ya tatu nje ya jengo, iwe mtandaoni au kwenye tawi jingine. Diski ya nje inayobaki imechomekwa mwaka mzima itaungua kwa umeme ule ule, na kirusi kile kile kitaifikia. Kila robo mwaka mwiteni mtu asiyehusika na kompyuta, achague faili lolote la mwezi uliopita, na mlirejeshe kutoka kwenye bakapu mbele yake. Andikeni kama lilifunguka, kama lilikuwa la tarehe iliyotarajiwa, na lilichukua muda gani. Mkuu wa ofisi atie sahihi chini. Likishindwa kufunguka siku hiyo, hakuna aliyeumia, na fundi ana miezi mitatu ya kujua kwa nini.